Fundi Anapanda wa Kwanza

Baiskeli haitoki mikononi mwa Papa Amuri kabla yeye mwenyewe hajaipanda. Hufika nayo mwisho wa barabara, akarudi, ndipo mwenye baiskeli akabidhiwe. Ni miaka thelathini sasa, na waendesha toleka, zile teksi za baiskeli, wote wa Kisangani humwamini kwa hilo. Maringo pia anayo, tusimfiche: neno "sijui" halijawahi kumtoka.

Ndiyo maana Marie-Jeanne, muuguzi wa Yanonge, alimletea shida ya mashua yake. Injini ilikufa tangu Pasaka, akabaki na matanga. Wiki iliyopita dhoruba iliwakuta katikati ya mto, tanga la mbele likagoma kujiviringa kwenye waya wake, nusura mashua ipinduke na mgonjwa ndani.

Amuri alikitazama kigurudumu kilicho chini ya tanga hilo, kinachozungushwa kwa kamba ili tanga lijikunje, akacheka. Kwake kilikuwa kitovu cha baiskeli kabisa, kinga kama waiitavyo Kisangani.

"Bon, hii iko kinga tu!"

Akakifungua, akaosha mchanga, akatia gololi mpya na grisi. Kikazunguka vizuri. Lakini tanga lilipopandishwa, lilijiviringa mara mbili tu, likakwama tena. Mtu wa baiskeli huangalia chini. Amuri hakuinua macho kuelekea ncha ya mlingoti. Alikaza meno, akavuta kamba kwa nguvu zake zote. Huko juu pakalia ka! na tanga likajiviringa lote. Marie-Jeanne na kaka yake Sadrack wakapiga makofi.

Amuri peke yake aliijua sauti ile. Waya wa breki hulia hivyo ukianza kukatika.

"Papa Amuri, alors, iko muzuri?"

"Iko muzuri, mama."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, ila wahenga hawakuwa na jina la kulinda pale ufukweni. Alirudi nyumbani akiuwaza waya. Waya ule ndio unaoshikilia mlingoti. Ukikatika, mlingoti utawaangukia watu. Aliogopa, na aliona haya kuliko alivyoogopa.

Asubuhi Marie-Jeanne alimpigia simu. Kule Yanonge mjamzito alikuwa akisubiri kuletwa hospitali.

"Kuya, papa. Desturi yako iko ile: fundi anapanda wa kwanza. Tuvuke ngambo mara moja, kisha tushuke Yanonge."

Amuri akaja. Akaweka mguu mmoja ndani ya mashua, akautoa.

"Mulaze mulingoti," alisema.

Wakaulaza. Kwenye ncha, kamba ya kupandishia tanga ilikuwa imejisokota kwenye waya, na hiyo ndiyo iliyozuia tanga siku zote. Pale alipolazimisha, nyuzi za waya zilikuwa zimekatika. Zilibaki tatu.

Marie-Jeanne akazigusa kwa kidole. "Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu jana."

"Na kama sikukuita upande?"

Simu ya Marie-Jeanne ikaanza kulia. Yanonge walikuwa wakiuliza kama mashua imeshaondoka.