BAMPA LA KATEKISTA LIMEEGEMEA UKUTANI KWANGU

Admin, nifichie jina. Nyie wengine msomao, shikamooni kwa wakubwa, na wadogo nimeshaitikia. Mimi ni bibi wa miaka sabini na moja, nakaa Babati, kata ya Bagara. Shule niliishia darasa la nne, naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo anayetaka kunisahihisha herufi apite kwanza akaoshe vyombo.

Ninaishi na mjukuu wangu, nimwite Paskali. Mama yake alifariki Paskali akiwa bado ananyonya, nikamlea mimi kwa maziwa ya ng'ombe wangu. Sasa ni mwanaume, ana mke mjamzito, na ana karakana uani kwangu. Anatengeneza bodikiti, yale mabampa na sketi za pembeni mnazobandika kwenye magari yenu mpaka yanakuwa na midomo kama bata. Mimi siyapendi, lakini ndiyo yanayotulisha.

Anatengeneza kwa faiba. Anapaka gundi kwenye kalibu yenye umbo la bampa, anatandika kitambaa cha faiba, anapaka tena, anatandika tena. Vikiwa vitambaa vitatu, bampa ni zima. Kikiwa kimoja, hilo ni ganda tu. Yapo na ya plastiki yanayotoka Arusha, yale yakigonga jiwe yanajikunja na kurudi, lakini mteja akisikia bei yake anakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Nimeyajuaje haya? Kwa sikio. Sisi tuliokulia kwenye maziwa hatununui kibuyu mnadani bila kukigonga, maana chenye ufa kinajisema chenyewe. Siku moja nimekaa kwenye kigoda changu nachambua maharage, nikagonga bampa la Paskali kwa kifundo cha kidole nikamwambia, "Hili ni jembamba, rudia." Mteja alikuwepo. Akacheka, akaenda kusimulia. Tangu hapo watu wakija hawaulizi gundi gani wala kitambaa gani. Wanasema, "Bibi ameligonga?" Nikisema limekubali, wanabeba. Niliona fahari, sitawaficha.

Magoti yangu ni mabovu, siinami. Kwa hiyo Paskali analeta bampa, analisimamisha mbele ya kigoda, nagonga pembeni hapo hapo mkono unapofika.

Mwezi uliopita alikuja baba mmoja wa Bonga amebeba vipande kwenye kiroba. Bampa lilichomoka barabara ya Dodoma, tairi likalipanda, gari likaingia kwenye mahindi ya watu. Mkewe amevunjika mkono. Nilijua amekuja kututukana. Akanisalimia vizuri, akakaa, akasema, "Bibi, nimekuja kuomba mnitengenezee lingine. Lile uliligonga mwenyewe, kwa hiyo najua kosa ni langu, nilikimbiza gari."

Nikachukua kipande kimoja kirobani. Kona ile ninayogonga ilikuwa nene kama tofali, imeshindiliwa kwa ndani puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi. Sehemu nyingine yote unaivunja kama ganda la boga kavu. Nilimwangalia yule baba anayeniomba msamaha, nikakirudisha kirobani.

Alipoondoka nikamwita Paskali. "Hii ni nini?"

Akaangalia chini. "Bibi, vitambaa vitatu vinataka siku nyingi kukauka, na wenzangu wanatoa bampa haraka. Watu wanataka bei ndogo na ubora hapo hapo. Sina pa kuutoa."

"Kwa hiyo unatoa sauti yake tu."

"Wewe kazi yako ni kugonga, Bibi. Gonga pale unapogonga siku zote."

Nilitaka kumchapa na mwiko. Halafu nikamwona mkewe amesimama mlangoni na tumbo lake, anatusikiliza, nikakaa.

Tangu siku hiyo nimefungwa kwenye uwanja wangu mwenyewe. Kila gari linalopita hapo barabarani na mdomo wa bata, naona kidole changu kimelipitisha. Nikisema, watakuja wote na vipande vyao, na mtoto niliyemlea kwa kikombe watamburuza mbele yangu. Binti yangu wa Nangara ananiambia nihamie kwake. Nikihama, wataendelea kusema Bibi aliyagonga kabla hajaondoka.

Juzi katekista wetu alileta gari. Gari lile ndilo linalobeba wagonjwa wa jumuiya yetu na akina mama tukienda msibani Dareda. Paskali akamwambia ukweli kidogo, "Mwalimu, ya plastiki ni imara zaidi." Katekista akanigeukia akicheka. "Faiba inanitosha. Mimi siangalii mali, naangalia Bibi."

Nikamwambia Paskali palepale, "Likikauka, linyanyue nigonge katikati."

Akajibu haraka, "Mwalimu, magoti yanamsumbua Bibi siku hizi, tusimchoshe." Katekista akanipa pole. Mimi nikapokea pole.

Bampa limeshakauka. Limeegemezwa ukutani karibu na mlango wangu, limepakwa rangi nyeupe, linang'aa kuliko kikombe cha altare. Asubuhi hii Paskali alipokwenda kununua gundi nikaligonga katikati kwa fimbo yangu. Sitawaambia lilivyolia. Mnaolijua ganda la boga mnajua.

Jumamosi katekista anakuja kulichukua. Nitakuwa kwenye kigoda, Paskali atalisimamisha mbele yangu, kona ikiangalia mkono wangu, na wote wawili watasubiri nigonge.

Msiniandikie mambo ya kumwachia Mungu, naye ndiye nitakayekaa naye kwenye gari hilo. Nina mkono mmoja wa kugongea na mjukuu mmoja niliyebaki naye hapa nyumbani. Niambieni wanangu, siku hiyo mkono huu niupeleke wapi?