Maji ya Baraka Juu ya Roboti

Huyo mwalimu simpendi hadi leo, na sioni haya kusema.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni Mbinga, msichana pekee kutoka Lituhi, kule ziwani, kwenye klabu ya roboti. Roboti yetu ilichambua kahawa: mbivu inaitupa kulia, mbichi kushoto. Nyaya zote nilizichomelea mimi kwa risasi ya kuyeyusha, vidole vikababuka. Mota nilizing'oa kwenye printa mbovu ya ofisini. Mwalimu wa klabu kazi yake ilikuwa kuingia mwishoni na kuwaambia wageni, "Roboti yangu hii." Yako! Hata bisibisi alikuwa hajui inakaa wapi. Kwenye fomu ya mashindano akaandika jina lake na la kapteni wa klabu, mtoto wa mlimani kama yeye. Nilipouliza langu, akasema, "Nyie wa Lituhi mmezoea dagaa, roboti mmeijulia wapi?" Nililia chooni, kwa hasira tu.

Nilitaka kitu kimoja: aseme mbele za watu kwamba niliitengeneza mimi.

Asubuhi ya safari ya Songea, roboti ikapelekwa kanisani. Umatengoni, huko mlimani kwa Wakatoliki, kila kipya kinabarikiwa, pikipiki, mbegu, hadi mashine ya kukoboa. Nikamwambia, "Mwalimu, tuifunike bodi kwa mfuko, maji yataingia kwenye nyaya." Akawageukia wenzangu: "Mmemwona Mwanglikana? Anaogopa maji ya baraka!" Wakacheka, washenzi wale. Padre alinyunyiza kidogo tu, kwa adabu. Mwalimu ndiye aliyemwomba, "Ongeza, Baba, mashindano ni magumu."

Songea, mbele ya majaji, roboti ikanyanyua mkono mara moja, ikatoa moshi, ikazima. Jaji mmoja, mama wa makamo, akauliza, "Nani kaitengeneza?"

Mwalimu hakusita. Akaninyooshea kidole. "Huyu hapa. Yeye mwenyewe, kila waya."

Miezi sita nilikuwa nimesubiri maneno hayo, lo!

Nikasimama. "Ndiyo, mama, ni mimi." Nikachukua bisibisi, nikafungua bodi mbele yao wote. Chini yake maji yalikuwa bado yametuama.

"Haya maji yametoka wapi?" jaji akauliza.

Nikamgeukia. "Mjibu, mwalimu," nikasema, nikaketi.