Jiwe la Manjano Lililolazwa Majini

Shule niliiacha darasa la tatu na sijawahi kuilia. Ukinyozi haukai kwenye vitabu. Nimeshika nyuso za watu hapa Doha tangu wengi wa vijana wanaoniita mzee hawajazaliwa, na kila nilicho nacho nimekipata kwa mkono huu wa kulia.

Chini ya kitanda changu, chumbani kwangu mtaa wa Najma, kuna mawe. Ni vinoo vilivyochimbwa milimani kule Japani, vikakatwa kama matofali madogo. Cha kwanza nilipewa na mpishi Mjapani wa hoteli, mteja wangu, alipokuwa anarudi kwao. Vingine niliagiza kimoja kimoja kwa simu. Siku moja mleta mizigo alinipigia kelele mlangoni: "Sadiki, nchi yote hii ni mawe, na wewe unaagiza mawe?" Nilimpokonya kifurushi nikafunga mlango.

Lipo la kijivu la visu vya jikoni, linakula chuma haraka. Lipo la kijani, gumu kama kioo. Na lilikuwapo la manjano, rangi ya uji wa mahindi, la kumalizia kunoa wembe. Nilikuwa nalisugua kwa kijiwe kidogo na matone machache ya maji mpaka linatoa ute mzito, kisha naupitisha wembe polepole bila kuukandamiza. Nikitumia mengine, wembe unakata ndevu na ngozi pia. Nilipotumia lile, ulikata ndevu tu. Basi. Asiyeamini aje anyolewe.

Rafiki yangu aliamini. Alikuwa dereva wa familia moja ya mtaa wa Abu Hamour, na kila Ijumaa alikuja nimnyoe. Mashine ya umeme ilimwachia vipele vinavyogeuka vidonda, kwa hiyo uso wake niliushika mimi peke yangu. Kisha figo zikamlaza. Daktari alipoona hakuna jipya la kumfanyia, akasema arudishwe nyumbani. Alikuwa kwa watu wetu pale mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, akisubiri ndege ya jioni, ndevu zimemsimama kama brashi ya viatu.

"We kinyozi wa mawe," akaniambia kwa simu asubuhi hiyo, "njoo unitengeneze. Sitaki mama watoto anipokee kama beberu."

"Wewe ni beberu hata ukinyolewa."

Alicheka, kikohozi kikamkatiza. Simu ikachukuliwa na sista mmoja Mkenya aliyekuwa akimwangalia. "Mzee, nisikilize vizuri. Anakunywa dawa ya kuyeyusha damu. Akikatwa hata kidogo, damu haitakoma, na hatapanda ndege. Labda mwache tu hivyo hivyo."

"Mimi sikati watu," nikamjibu.

Nilikuwa nimeongea nje ya mlango; nikarudi chumbani kuchukua jiwe. Sanduku lilikuwa wazi. Mwenzangu wa chumba, mlinzi wa jengo moja huku mjini, alikuwa ameketi kitandani kwake akitabasamu.

"Mzee, nimekusikia unaongea na simu, nikaona nikusaidie. Nimekulowekea."

"Umeloweka nini?"

"Hilo la manjano. Kwetu kinoo hulazwa majini kwanza, kilainike."

Hata kwetu ni hivyo. Baba yangu alikilaza kinoo chake kwenye mtungi. Lakini lile jiwe la Japani lina tabaka kama kurasa, nalo halitaki kulowekwa. Tena huku Doha wakati wa joto, maji ya bomba yanashuka kutoka tangi la juu ya paa yakiwa moto wa kumkogesha mtoto, na jiwe limelala usiku kucha kwenye baridi ya AC. Niliingiza mkono kwenye ndoo. Lilitoka vipande vipande, vyembamba kama chapati.

Kijana aliona uso wangu akasimama. "Mzee, nimeharibu?"

Alitaka kunisaidia tu. Nilichukua kipande kikubwa zaidi nikakiweka juu ya kitambaa chenye maji, nikajaribu. Kikatikisika. Nikasugua, kikavunjika kati. Nikabaki na kipande cha upana wa vidole viwili, nikaupitisha wembe hapo, nikaujaribu kwenye shavu langu mwenyewe. Upande wa kisigino cha wembe, karibu na mpini, ulikuwa mtulivu. Upande wa ncha ulinichana. Nikarudi kwenye jiwe. Nikajaribu tena shingoni, ukanichana tena. Ule ute haukuja. Saa zilikuwa zinakwenda.

Nikaenda hivyo hivyo.

Rafiki yangu aliitazama plasta kwenye shavu langu. "Nani amekunyoa wewe? Mkeo?"

"Nyamaza, usitikise mdomo."

Nikampaka povu. Nikatumia kisigino cha wembe peke yake, unywele kwa unywele, na sista amesimama nyuma yangu na pamba mkononi. Shavu la kulia likatoka safi, kama la zamani. Nilipofika chini ya taya nikausikia wembe unavuta. Nikauinua.

"Mbona umesimama?"

"Makali yameisha."

"Yako? Yako hayaishagi."

"Leo yameisha. Nikiendelea nitakukata."

Akaupitisha mkono kwenye uso wake, upande laini, kisha upande wa miiba. Nilingoja matusi. Angenitukana ningeshukuru. Akamwomba sista barakoa, akaivaa, akaivuta mpaka ikafunika yote.

Uwanja wa ndege walimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Mlangoni aliishusha barakoa kidogo.

"Upande huu utaumalizia ukija nyumbani."

"Nitakuja," nikasema, na wote wawili tulikuwa tumesikia alivyosema daktari.

Walipomwingiza ndani nilibaki nimeukumbatia mkoba wa nyembe. Askari mmoja akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta mlango wa kutokea, na ulikuwa mbele yangu.