Nyuma ya Siti: Kisumu hadi Luanda Kotieno kwa Pikipiki Mbili

Nilitoka nyumbani kwa hasira. Hasira yenyewe nitaieleza kwanza, kwa sababu bila hiyo ningebaki Manyatta, mtaa wetu wa Kisumu, nikifua nepi, na leo ningekuwa sina safari ya kusimulia.

Mume wangu, Odhiambo, ni fundi wa nyaya za simu. Siku niliyokutana naye ndiyo siku niliyokutana na pikipiki yake: taa ya duara, tangi jekundu lililopauka, siti moja ndefu iliyolala kama benchi ya kanisa, na keria ya chuma nyuma. Ndiyo iliyonipeleka hospitali siku ya kumzaa Atieno, mimi nimekaa upande, mkono mmoja kwenye tumbo, mwingine kwenye mkanda wa Odhiambo, nikimtukana kutoka Manyatta mpaka getini. Haikuzima hata mara moja.

Mwaka huo, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, afisa mmoja wa Milimani, mtaa wa wakubwa, alipata uhamisho. Alikuwa na pikipiki ya safari ya aina ile ile ya kwetu, ila toleo jipya, lililobadilishwa karibu kila kitu. Akamwambia Odhiambo: nipe yako ya zamani nizungukie shamba langu, niongezee mtamba mmoja, uchukue hii. Ijaribu mpaka Jumatatu unipe jibu.

Mtamba tulikuwa naye mmoja tu, huko Kisian kwa mama mkwe. Mama yangu ndiye aliyempa Atieno alipozaliwa, ili mtoto akikua anywe maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Mpango huo mimi sikuambiwa. Niliusikia dirishani.

Jumamosi saa nne asubuhi walikuwa watatu uani kwetu, Odhiambo na rafiki zake wawili, wakiizunguka ile mpya kama wazee wanaokagua ng'ombe wa mahari.

"Cheki hiyo taa," Okumu akasema. Okumu anafanya kazi benki, anavaa tai hata Jumamosi, na pikipiki yake ndogo anaipangusa kwa kitambaa cha mfukoni. "Taa ya mraba, bwana. Dunia inaenda huko."

"Na hiyo plastiki yote ya mbele ni ya nini?" Huyo ni Mwalimu Wekesa, Mbukusu anayefundisha fizikia, mtu wa kupima kila kitu. "Hilo ni beseni la kuogeshea mtoto."

"Inakata upepo."

"Upepo umekukosea nini?"

"Wekesa, wewe hata ukipewa ndege utauliza kuku anakaa wapi."

"Na nitakuwa sawa! Keria iko wapi? Wameweka visanduku viwili vya plastiki ubavuni, mtu abebe nini humo? Soksi?"

Odhiambo alikuwa amechuchumaa, anapapasa injini kwa kiganja. "Unabonyeza tu, inawaka," alisema polepole, kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala. "Hakuna kupiga mguu. Breki ya diski. Ukifika gia ya nne, yawa, inavuta!"

"Inalia kama cherehani."

"Mwalimu, hiyo ni sauti ya mashine yenye afya."

"Basi mtamba wa Nyar Uyoma atakuwa ameenda pazuri," Okumu akasema. Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma, ni mimi.

Niliziacha nepi ndani ya maji nikatoka nje, mikono ina povu mpaka kwenye kiwiko.

"Mtamba gani?"

Okumu akaanza kurekebisha tai. Odhiambo akasimama, na namna alivyosimama ikanijibu.

Sitaandika yote niliyosema. Majirani waliyasikia na yanawatosha. Nilipomaliza niliwauliza swali moja: "Hii kitu mmeipanda siku tatu. Nani kati yenu amekaa hapo nyuma?"

Hakuna aliyekaa. Kila mmoja alikuwa ameiendesha peke yake, mpaka uwanja wa ndege na kurudi, mpaka Kibos na kurudi. Walijua inakula mafuta kiasi gani. Ya nyuma hawakuyajua kabisa.

"Sisi tulikuwa tunapima injini," Odhiambo akasema.

"Na mimi ni gunia la mahindi? Kesho tunaenda kwa mama yangu Luanda Kotieno. Nakaa nyuma. Nikirudi nitasema mimi mtamba anaenda au haendi."

Mahali hapo nilipachagua kwa akili. Odhiambo anaweza kubishana na mtu yeyote Kisumu, lakini mbele ya mama yangu hana mdomo. Mkwe ni mkwe.

Wekesa aliinua kidole kama mwanafunzi. "Ukipima kitu kimoja hujapima. Nenda na mpya, rudi na ya zamani. Barabara ileile, mtu yuleyule." Nikakubali, kwa sababu hata nikiwa na hasira nasikia neno la maana.

Jumapili saa moja asubuhi shida ya kwanza ilikuwa kupanda. Kwa miaka mitatu nimepanda pikipiki kama kila mwanamke wa heshima wa kwetu: upande, miguu yote kushoto, gauni limebanwa chini ya paja. Siti ya toleo jipya imepanda ngazi. Dereva chini, wa nyuma juu kama kuku kwenye kiota, na vile visanduku vimeziba mahali pa miguu. Nilijaribu mara mbili. Mara ya pili Okumu alinidaka.

"Haikutengenezewa gauni," Wekesa akasema, na akaandika kwenye daftari. Kweli alikuja na daftari.

Niliingia ndani nikavaa suruali ya kazi ya Odhiambo, nikaifunga kiunoni kwa kamba ya katani, na juu yake nikafunga leso aliyonipa mama mkwe. Kwa sababu tulikuwa tunapitia kwake.

Saa mbili tukawa Kisian, njia panda, nyumba ya tatu baada ya kinu. Mama mkwe, ambaye wote sasa tunamwita Dani, yaani nyanya, ni Msabato, kwa hiyo Jumapili yuko nyumbani. Alimpokea Atieno na chupa ya uji bila maneno mengi. Mtamba alikuwa amefungwa kando ya boma, mweusi mwenye kipaji cheupe, anatafuna. Nilimwangalia Odhiambo. Akaangalia matairi.

Tulipoiacha Kisian nyuma nilimwambia asimame, nikaivua leso, nikaikunja ndani ya kisanduku, nikakaa kiume.

Hapa lazima niseme ukweli, ingawa unaniuma. Ilikuwa tamu.

Miaka mitatu nimeipita barabara hiyo nimekaa upande. Tukienda Bondo naliona ziwa tu, linameta kushoto. Tukirudi naona vilima tu. Mashimo nilikuwa nayajua kwa kiuno, yakishanipiga. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, niliona barabara inakuja. Niliona mama na mzigo wa kuni kabla hatujamfikia. Niliona shimo, nikamgonga Odhiambo begani, akalikwepa. Akageuza kichwa kidogo, akacheka ndani ya helmeti. Mpaka Holo tulikuwa na mpango: bega la kushoto shimo liko kushoto, bega la kulia liko kulia, ngumi mgongoni ni ng'ombe.

Nikaanza kumuaga mtamba moyoni. Nilijichukia, lakini nilianza.

Saa nne kasoro tulifika Ndori, lami ikaisha upande wetu, tukakata kushoto kuingia murram, barabara ya udongo mwekundu. Hapo mpya ikaonyesha tabia nyingine. Kile kiota changu kikawa kinanirusha. Plastiki ya mbele ikaanza kutetemeka kama sufuria kwenye lori. Nyuma yetu Wekesa juu ya pikipiki yetu ya zamani alikuwa ametulia, mgongo wima, anaimba wimbo wa kanisa. Okumu alikuja mwisho kabisa, mwekundu wa vumbi kutoka tai mpaka nyusi.

Tuliposimama Asembo Bay kunywa chai, ubishi ukaanza tena.

"Inamrusha kwa sababu spring imekazwa kwa mtu mmoja," Odhiambo akasema.

"Kwa hiyo ni pikipiki ya kapera," Wekesa akamjibu, akaandika.

"Ni pikipiki ya lami," Okumu akasema. "Murram sio kosa lake. Lami itafika hata huku."

"Ikifika nitaandika."

"Min Atieno, wewe unaionaje?" Odhiambo akaniuliza, akiniita mama wa Atieno kwa Kijaluo. Aliuliza kwa sauti ndogo, na macho yake yalikuwa ya mtu anayetaka sana kitu na anajua hastahili kukiomba. Yule mtu namjua. Ndiye aliyekuja kwetu mara nne na mwavuli siku zisizo na mvua, akisema alikuwa anapita tu.

"Bado sijarudi," nikasema.

Saa tano na nusu, Luanda Kotieno. Kivuko cha kwenda Mbita kilikuwa kinapakia, wanawake wanapiga kelele za bei, dagaa wa omena wameanikwa kwenye nyavu mpaka karibu na maji. Mama yangu anauza samaki hapo. Aliniona kabla sijashuka. Aliiona suruali.

Nilingoja. Odhiambo alikuwa ameshavua helmeti, amesimama mbali hatua kumi kama mkwe anavyotakiwa, anaangalia chini.

"Yawa," mama akasema mwishowe. "Nimezaa polisi?"

Wenzake wote wakacheka, na mimi nikacheka, nikamwonyesha picha ya Atieno aliyokuwa hajaiona. Akaifuta kwa nguo ingawa ilikuwa safi. Kisha akapaza sauti kwa heshima yote upande wa Odhiambo.

"Na mtamba wangu, baba? Hajambo?"

Odhiambo akakohoa. Okumu akageuka kuliangalia ziwa. Mwalimu Wekesa akafunga daftari.

"Hajambo, mama," Odhiambo akasema. "Anakula vizuri."

"Nasikia atazaa mwakani."

"Ndiyo, mama."

"Mtoto anywe."

"Ndiyo, mama."

Nilimwona masikio yakimshika moto, na ajabu ni kwamba nilimhurumia. Alikuwa anaipenda ile mashine kama anavyovipenda vitu vyake vyote, kwa moyo wa mtoto, na sasa amebanwa katikati ya mama wawili na ng'ombe mmoja.

Saa saba mchana mama alitupa kapu la ngege. Odhiambo alifungua kisanduku cha mpya, Okumu akaruka.

"Samaki kwenye pikipiki ya Milimani? Mtu wa watu atainusa mpaka astaafu!"

Ndani ya kisanduku, hata hivyo, samaki wawili tu ndio walioenea. Kapu likaenda kwenye keria ya zamani, na kamba hatukuwa nayo isipokuwa ile ya suruali yangu. Kwa hiyo nilitoa leso ya Dani tukalifunga nayo, mafundo mawili, likashika imara.

Wekesa akachukua mpya. Odhiambo akapiga mguu ya zamani, ikawaka mara ya kwanza. Mimi, kwa mazoea, nikageuza mgongo nikae upande.

"Wewe," mama akaita. "Si umekuja umetanua miguu? Aibu ya leo umeshanipa. Panda vivyo hivyo."

Nikapanda vivyo hivyo.

Tulikuwa hatujafika mbali nilipoelewa. Barabara ilikuwa inakuja. Ileile, na mashimo yake, na mbuzi wake, juu ya bega lilelile la Odhiambo. Siti ndefu haikunirusha. Niligonga bega la kulia, akakwepa. Kumbe pikipiki yetu ingenionyesha barabara tangu siku ya kwanza. Ni mimi niliyefundishwa kuangalia pembeni, na yeye hakuwahi kufikiri kuuliza naona nini huko nyuma.

Hasira ikarudi kidogo. Nikampiga ngumi mgongoni.

"Ng'ombe yuko wapi?" akapiga kelele.

"Kisian!" nikamjibu. "Na anabaki huko!"

Baada ya kilomita moja nikahisi mgongo wake unatikisika, nikajua anacheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa na huzuni kidogo ndani. Nikaegemeza helmeti yangu kwenye mgongo wake na kuiacha hapo mpaka Ndori.

Saa tisa na nusu tulikuwa Kisian, maziwa yamenijaa kifuani mpaka yanauma. Ndipo nilipokumbuka leso. Leso ilikuwa imeshika samaki, na mimi nilikuwa juu ya pikipiki kwenye boma la mkwe wangu, ndani ya suruali ya mwanawe, nimekaa kama askari.

Dani alitoka na Atieno begani. Akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu. Akaizunguka pikipiki, akafika kwenye keria.

"Hiyo ni leso yangu?"

"Ndiyo, Dani."

"Imenuka samaki."

"Ndiyo, Dani."

"Basi samaki wanalala hapa." Akanipa mtoto, akaanza kufungua mafundo.

Nilikaa kando ya mtamba nikamnyonyesha Atieno. Wekesa alifika, akaizima mpya, akatikisa miguu. Alikiri kwamba kwenye lami ilikuwa raha sana, akaomba kukiri huko kusifike shuleni. Jumatatu Odhiambo aliirudisha Milimani, akiwa ameiosha mara mbili.

Nilichojifunza nitakisema kifupi: kwa miaka mitatu nilidhani naijua barabara ya kwetu, kumbe nilikuwa naujua ubavu wake tu. Suruali sikuirudisha, Odhiambo alishonewa nyingine.

Jumamosi iliyofuata walikusanyika tena uani, safari hii wakibishania tairi. Nilikuwa nafua. Baada ya muda sauti zikatulia, kisha Odhiambo akaja mpaka dirishani.

"Min Atieno," akasema, "hebu toka kidogo. Tunataka kujua ya nyuma."

Nikawaacha wangoje mpaka nikaanika nepi ya mwisho.