Chachu ya Rawinia

Rawinia hakuwa na majivuno. Aliamini tu kwamba Mungu, alipogawa vipaji katika ghuba yetu, alimpa yeye mikono ya kukanda mkate, na sisi wengine akatupa midomo ya kuula.

Mkate wenyewe ni rewena, wa chachu ya viazi: kiazi kilichopondwa, unga na sukari kidogo, vyote ndani ya chupa mpaka vianze kupumua. Ikishakuwa hai unailisha, leo sukari, kesho maji ya viazi ya uvuguvugu, kama mtoto mchanga asiyekua wala kuoa. Rawinia aliirithi yake kwa mama yake. Aliilaza katika kabati la tangi la maji moto, kati ya mataulo, na mgeni aliyetaka taulo alionywa afungue mlango taratibu.

Ghubani kulikuwa na chachu nyingine, ya wifi yake Te Paea, mjane wa kaka yake. Nayo ilitoka kwa mama yuleyule, aliyemkabidhi mkwewe chupa siku ya harusi. Jambo hili Rawinia alilisahau kwa bidii kubwa.

"Ile ya Te Paea ni ya dukani," alikuwa akisema. "Mama alimpa chupa tu. Chupa nzuri, sikatai."

Ilipofika wiki ya kufungua ukumbi mpya wa chakula kwenye marae, uwanja wa ukoo wetu, Rawinia alipewa, au tuseme alijipa, kazi ya mkate wa meza ya wazee wageni. Kwetu hotuba husahaulika, chakula hakisahauliki. Mgeni akifurahia mkate huuliza umetoka mikono ya nani, na Rawinia aliishi kwa ajili ya swali hilo.

Alhamisi akaenda kuwasimamia wanawake waliokuwa wakipanga viti, maana viti bila mtu wa kukemea huenda vikakaa sawa. Kulisha chachu akamwachia mumewe, Hohepa, mtu mwenye upendo mwingi. Hohepa alichemsha viazi vyake vya mchana, maji yakapoa kidogo, akayamimina chupani.

Ijumaa asubuhi chupa ilikuwa kimya. Hakuna povu, hakuna pumzi.

"Hohepa, umeilisha nini?"

"Maji ya viazi, si ulivyoniambia?"

"Ulitia chumvi?"

"Kidogo tu. Ulitaka nile viazi vya hospitali?"

Hakumgombeza. Aliketi, chupa mapajani, akaipapasa ubavuni kwa kidole gumba, taratibu, pale kidole cha mama yake kilipopita miaka yote ile. Wakati huo hakuna ambaye angemcheka, hata sisi.

"Nikakununulie hamira ya paketi?" akauliza Hohepa.

Akamtazama kama mtu aliyeshauri mama mkwe azikwe kwenye boksi la biskuti.

Chachu mpya huchukua siku kadhaa kuamka, na wageni walikuwa wanafika kesho yake. Rawinia akaosha chupa, akapita njia ya ufukweni ili asionekane. Ghuba nzima ikamwona.

"Karibu, wifi," alisema Te Paea, mlangoni pa jikoni. "Umepotea njia?"

"Napita tu."

"Na chupa tupu."

"Naitembeza ipunge upepo."

"Imekufa, eh? Pole. Hohepa kanipigia simu, sauti inatetemeka kama kafiwa."

"Basi nipe kikombe kimoja."

"Hii? Ya dukani hii, wifi. Itakuharibia jina."

"Te Paea."

"Mimi nilipewa chupa tu, nasikia."

Rawinia aliangalia sakafu. Ilikuwa sakafu safi, jambo lililomwongezea uchungu. "Nipe, wifi yangu," akasema. "Ni ya Mama."

Te Paea akaweka bakuli mezani. "Hutoki nayo. Ikivuka mlango huu, kesho utasema imezaliwa kwako. Vua saa, nawa, tukande hapa."

Wakakanda.

"Unaukanda kama unaupiga," alisema Te Paea.

"Nawe unaubembeleza kama paka mgonjwa."

Kisha, bila kukubaliana, wote wawili wakabonyeza donge kwa kifundo cha kidole na kusubiri liinuke, kama alivyokuwa akifanya Mama. Liliinuka. Hawakutazamana.

Jumamosi mzee wa wageni alimega mkate, akapaka siagi, akatafuna akiwa amefumba macho. Sisi wa jikoni tulikuwa tumejazana mlangoni.

"Mkate huu," akasema, "umetoka mikono ya nani?"

Te Paea, aliyekuwa akimimina chai, alizama ndani ya birika kama anayetafuta pete. Rawinia alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena.

"Chachu ni ya wifi yangu huyu, Te Paea," akasema. "Alipewa na Mama." Na kwa kuwa ukweli mwingi kwa mpigo mmoja hudhuru tumbo, akaongeza, "Mimi nilimsahihisha mikono tu."

"Kunywa chai, mzee," alisema Te Paea. "Ukimsikiliza huyu itapoa."