Rangi ya Mto wa Koko

Kila maji yakikatika mtaani kwetu siku mbili tatu, yanaporudi hutoka bombani mekundu, yakikohoa, na jiko zima hunuka udongo uliolowa. Binti yangu hukimbilia ndoo huku akilalama. Mimi husimama tu nikiyatazama. Nisikilizeni niwaambie kwa nini, ingawa jambo lenyewe halinipi sifa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, bendera mpya bado haijapauka, nami nina miaka tisa. Tulikaa Ambanoro, kwenye kisiwa cha Nosy Be. Koko, ndivyo sisi Wangazija tunavyomwita bibi, alikuwa mzaliwa wa Boanamary, karibu na mji wa Mahajanga, ng'ambo ya bahari, akaletwa kwetu kwa ndoa angali kigori. Tangu nipate akili nilisikia habari za mto wake, Betsiboka: mwekundu, alisema, hata nguo nyeupe ukiifua humo hutoka na rangi ya tofali. Kipupwe hicho akatangaza kuwa anakwenda kwao, na wa kufuatana naye ni mimi. Wee! Nilitamba shule nzima. Niliwaahidi wenzangu chupa ya maji mekundu.

Tulipoingia bandari ya Mahajanga, pale mto huo unapomwagika baharini, sikuona kitu, maana nilikuwa chini melini natapika. "Utauona tu," Koko akasema. "Kwanza tusalimie watu."

Laiti ningejua watu wenyewe ni wangapi! Kwa desturi yetu mgeni haendi kuangalia mji kabla hajaingia kila nyumba ya ndugu. Ukiruka moja tu, lawama zitafika kwenu kabla yako. Na kila nyumba lazima ule. Siku sita tulizunguka mitaa ya Mahabibo, mkate wa sinia baada ya mkate wa sinia, kwa vikongwe waliojitanda shali mbili mbili wakilaani baridi. Watoto wa nyumba hizo walitoka mbio kwenda kucheza. Mimi, thubutu! Koko alilikamata bega langu asubuhi mpaka magharibi, utadhani mimi mkongojo. Halafu maswali! "Nani yule mlangoni? Amenenepa? Kavaa nini?" Na akifika kwa ndugu zake huwashika nyuso, akizipapasa taratibu kama anayechagua papai sokoni. Nikajisemea, bibi huyu ana umbea wa mdomo na wa mikono. Kila jioni niliuliza, "Mto lini?" Kila jioni akajibu, "Subira huvuta heri, mjukuu wangu." Subira yangu mimi ilivuta mikate tu.

Siku ya saba, kesho yake tunarudi, tukapata lori la mpwa wake linalokwenda Boanamary. Njia ile hupitika vizuri kipupwe. Masika ni tope tupu. Nilipanda nikiimba. Tukafika adhuhuri, na nani anatungoja? Shangazi mwingine, na sinia jingine. Tukala. Tukaomba dua. Tukanywa chai. Jua likainama, mpwa akaanza kupiga honi, nami nikaangua kilio cha hasira mbele ya wageni. Hapo ndipo Koko alipoinuka, mkono begani kwangu, tukateremka mtoni. Chupa yangu nilikuwa nimeisahau Mahabibo.

Mto ulikuwa pale, mpana, mwekundu kuliko alivyosimulia. Lakini mimi nilikuwa nimefura. Koko akachuchumaa, akatia mikono majini, akanawa uso.

"Kipupwe wekundu wake hupungua," alisema. "Leo ukoje? Niambie."

Nikaona ananichezea. Mto uko mbele yake, maji yanamchuruzika puani, bado aniulize mimi!

"Wa buluu," nikamjibu. "Kama bahari ya kwetu tu. Hakuna cha ajabu."

Mikono yake ikakaa majini muda mrefu.

"Kumbe," alisema mwishowe. Honi ikalia tena, tukaondoka.

Nyumbani alimsimulia kila aliyekuja kumpa pole ya safari: mto wa kwao umetakata, siku hizi ni wa buluu, labda uhuru umeusafisha. Watu walicheka kwa adabu. Waliowahi kufika Mahajanga walinitazama mimi, nami nikautazama mkeka. Leso yake ilikuwa na tope jekundu kwenye pindo. Mama aliifua mara tatu.

Mwaka uliofuata Koko alijikwaa kwenye kizingiti cha chumba chake mwenyewe, akaanguka. Ndipo mama akaniambia. Macho ya Koko yalikuwa yameingia ukungu tangu kabla ya safari, naye aliwakataza watu wazima kusema, asije akazuiwa kwenda. Alikwenda kuwaaga watu wake na mto wake kabla giza halijafunga kabisa, akanichukua mimi nimwonee yale ambayo mikono yake isingeweza kuyafikia.

Nilikusudia kumwambia ukweli. Leo ana wageni, kesho naona haya, keshokutwa anaumwa. Akafariki, na mto wake ni wa buluu. Watu husema majuto ni mjukuu. Basi mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Bomba likikohoa binti yangu hunipigia kelele, "Mama, yaache yatiririke mpaka yatakate!" Ngoja kwanza, humwambia. Huyakinga maji kiganjani, nikasema kwa sauti, anicheke asinicheke: mwekundu, Koko. Mto wako ni mwekundu.