Magunia Chini ya Mfereji: Siku Tuliyokusanyika Kumhamisha Mama Limi

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, ingawa sidhani kama mko wengi humu. Ninyi wengine wote, hamjambo wanangu.

Mimi ni bibi wa Ngokolo, hapa Shinyanga. Nasema, mjukuu wangu anachapa kwenye simu. Nimemkataza kuongeza chumvi, na kila aya ananisomea kabla hatujaendelea. Mtakachosoma nilikiona kwa macho yangu.

Kilichonileta ni chemba. Mtaani kwetu nyumba kadhaa tunatumia chemba moja ya maji machafu, na wiki hii imefurika. Ukimuuliza yeyote, jibu ni moja: "Kwangu ni safi."

Maneno hayo niliyasikia miaka ya hamsini, nikiwa bi harusi, na nusura yamtoe mama na mtoto wake nje ya nyumba.

Ngoja niwaeleze taratibu.

Mume wangu Petro, Mungu amrehemu, alikuwa kibarua kwenye mtambo wa kusaga mawe, katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Tukapewa chumba kambini. Nyumba zilijengwa kwa safu, kwenye mteremko.

Mbele ya milango ulipita mfereji wa saruji, mmoja kwa safu nzima. Maji ya kuoga, ya vyombo, ya kufulia, yote yaliingia humo na kuteremka hadi kwenye shimo kubwa, chini ya nyumba ya mwisho. Mbele ya kila mlango mfereji ulifunikwa kwa bamba la zege ili watu wavuke.

Sheria ya kambi ilikuwa kwamba kila nyumba isafishe kipande kinachopita mlangoni pake. Shimo lilikuwa la mgodi. Yaani kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Mimi niliona hakuna utaratibu mzuri kuliko huo.

Nyumba ya mwisho, ile ya chini kabisa, aliishi Mama Limi. Alikuwa rika langu, mgodi ulikuwa umemtuma mumewe kazi ya mbali, na Limi wake alikuwa bado ananyonya.

Masika yalipoanza, maji machafu yakawa yanajaa mlangoni kwake. Anayachota kwa debe, asubuhi yamerudi. Limi akaanza kuhara. Macho ya mtoto yaliingia ndani hadi ukimtazama unaogopa.

Mngedhani safu nzima ilimwonea huruma.

Nyumba ya juu kabisa alikaa Mama Zuhura, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa unafika kisimani kabla yake. "Kaziba huko chini," alisema, "sasa uchafu unaturudia sisi huku juu! Mwanamke gani anashindwa na kipande cha mfereji?"

Na kweli, hata kwenye milango mingine maji yalikuwa yanatoka pembeni. Kwa hiyo watu walimwamini.

Nyapara wa kambi, Bwana Ramadhani, akaja, akaziba pua, akatoa hukumu palepale: Jumamosi Mama Limi ahame, chumba apewe mtu msafi. Maana yake arudi kwao Meatu, kwenye mvua ile, barabara hazipitiki, na mtoto anayehara mgongoni.

Jumamosi tukajaa mlangoni kwake.

Mama Limi alitoka amembeba mtoto. Hakulia. Alipiga goti mbele ya nyapara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mzigo uko wapi?"

"Kabla sijafunga mzigo, naomba waniinulie bamba hili."

Wanaume wawili wakaliinua. Wakuu, mfereji wa Mama Limi ulikuwa mkavu! Umesuguliwa hadi saruji inang'aa.

"Mfereji wangu mkavu, mlango wangu umejaa," akasema. "Haya maji yamepita wapi, baba?"

Hapo tulieni kidogo. Kama angekuwa ameziba yeye, mfereji wake ndio ungejaa kwanza. Kumbe maji hayakuwa yanamfikia kwa njia yake. Yalikuwa yanatoka nje huko juu, yanafuata mteremko juu ya ardhi, nje ya kingo za mfereji zilizoinuka, yanamkuta mlangoni.

Nyapara akasema, "Inueni linalofuata."

Chini yake kulikuwa na gunia. Limetandikwa vizuri, limekandamizwa kwa mawe, na tope limejaa juu yake hadi ukingoni.

Bamba linalofuata, gunia. Linalofuata, blanketi.

Mama Zuhura akakumbuka jikoni. "Jamani, uji wangu unaungua!"

"Uache uungue, mama," mtu akamjibu. "Tunakuja huko kwako."

Wakapanda moja kwa moja hadi kwake, wakaruka milango kadhaa njiani, wetu ukiwemo: magunia mawili, moja juu ya jingine.

Mimi nilikuwa nimejishika kiuno. "Kwetu fungueni tu!" nikasema kwa sauti.

Mayu wane, mama yangu! Gunia la pamba, lile lile nililobebea vyombo vyangu vya harusi kutoka Shinyanga. Nilikuwa nimelitafuta nyumba nzima. Nikamtazama Petro. Petro akatazama mawingu.

Nawafafanulia. Kule mtamboni, maji ya mawe yaliyosagwa yalipitishwa juu ya mablanketi, na chembe za dhahabu zikanasa kwenye manyoya. Wanaume walirudi na vumbi hilo kwenye nguo. Kila mmoja akawaza: mke akifua, dhahabu inaenda na maji, ngoja nitege gunia. Na kila mmoja alidhani wazo hilo ni lake peke yake. Siku ya usafi walisugua kingo zinazoonekana, chini ya bamba hawakugusa.

Dhahabu? Gunia letu lilitoa ukoko wa ugali, utelezi wa sabuni, na kifungo cha shati la Petro.

Mama Limi alimgeukia nyapara. Aliuliza kwa upole kabisa, "Sasa baba, leo anahama nani?"



Bwana Ramadhani naye alikaa safu ile ile, na bamba la mlangoni pake lilikuwa bado halijainuliwa. Alilitazama. Kisha akasema, "Mama, ingia ndani na mtoto." Akavua koti, akaomba koleo.

Tangu siku hiyo habari ya kila mtu na kipande chake ikafa. Tulisafisha safu nzima pamoja, tunaanzia kwa Mama Limi tunapanda juu, mabamba yote yakiwa wazi. Limi alipona. Leo ni bibi kama mimi.

Nilichojifunza, wanangu: usafi wa mlangoni pako haujakamilika mpaka ukamtembelee yule anayepokea maji yako. Si kazi ngumu. Ni kutembea tu kufuata mteremko.

Jana nimewaambia majirani zangu wa Ngokolo waje tufungue chemba na mabomba yote, tuanzie kwangu. Wamekuja wachache. Wengine naona wamekumbuka uji jikoni.

Haya, uwanja ni wenu. Niambieni kwenu inakuwaje: maji ya nyumba yako yanaishia mlangoni kwa nani, na umewahi kwenda kumwamkia?